Mngoje Ainuke

Sauti yangu ni ndogo. Kwenye chumba cha mafaili cha hospitali, ninakofanya kazi, mgonjwa akiuliza jambo nikamjibu, huinamia dirisha na kuuliza tena. Chuoni mwalimu wetu wa utunzaji wa kumbukumbu aliwahi kusema mbele ya darasa kwamba mimi nilizaliwa kwa kazi hii, maana faili haliitwi, linatafutwa. Wenzangu walicheka. Na mimi nilicheka, kimyakimya, huku masikio yakiwaka moto.

Kwa hiyo mama aliponiteua kuwa mtoa sauti wa timu ya kuvuta kamba, bila hata kuniuliza, nilidhani ananitania. Mtoa sauti ni yule anayesimama kando ya kamba. Hashiki kitu. Kazi yake ni kupaza neno ili watu wanane wavute kama mtu mmoja. Aliyekuwa akiifanya alihamishiwa hospitali nyingine, na mama akawaambia wenzake kwamba mwanawe anayajua maneno yote, kwa hiyo wasihangaike kutafuta.

Hilo lilikuwa kweli. Mama ni dobi wa hospitali hiyohiyo. Chumba cha kufulia kiko ghorofa ya chini kabisa, chini ya wodi ya wazazi, na ngazi za kuteremkia huko wageni hudhani ni za kwenda mochwari, wakazikwepa. Kuna mashine mbili. Moja hufua na kukamua, nyingine hufua tu, kukamua ni mpaka ijisikie. Siku ikigoma, shuka na mablanketi hukamuliwa kwa mikono: dobi mmoja upande huu, mwenzake upande ule, kila mmoja ana pindo lake, wanasokota na kuvutana mpaka maji yaishe. Nilipokuwa mdogo, likizo zote za shule nilizimalizia pale, nimekaa juu ya kapu la nguo, nikiwapigia ukelele wa kazi. Maneno ni matatu. "Shika" maana yake kila mtu akamate upande wake, asimame imara, asivute wala asilegeze. "Kamua" inajieleza. "Achia" ni kulegeza, lakini polepole, huku unatembea kumfuata mwenzako mpaka mapindo yakutane mkunje.

Na kuna sheria moja ambayo haina neno. Sakafu ya kule chini huwa na maji na sabuni. Mwenzako akiteleza wakati mnakamua, hungoji kuambiwa. Unatembea mbele upesi, shuka ilegee. Usipofanya hivyo utamng'oa bega, au ataanguka kifudifudi kwenye saruji. Dobi mmoja alivunjika meno mawili hivyo, mwaka wa pili wa mama pale kazini. Upande wa pili wa shuka alikuwa mama.

Timu ya madobi iliingia mashindano ya kamba ya sehemu za kazi ikiwa na maneno hayohayo matatu, kwa sababu hakuna aliyeona haja ya kutunga mengine. Mama alikuwa nanga, yaani mtu wa mwisho, anayejizungushia kamba kupita kwapani na begani na kuwa mzigo wa timu nzima. Wenzake walimwita Mama Nanga, hata kwenye orodha ya zamu.

Mwaka jana walifika fainali, wakakutana na wanawake wa kiwanda cha unga. Wale hunyanyua magunia tangu asubuhi mpaka jioni. Nanga wao anaitwa Mizani, kwa sababu ndiye mpima magunia, na pia kwa sababu ukimtazama unaona kwamba jina halikukosea njia. Walitushinda. Kushindwa ni kushindwa, hakuna aliyelalamika. Lakini kipenga kilipolia hawakuacha. Waliwaburuta madobi hatua nne zaidi, wengine kwa matumbo, kisha wakasimama juu yao, wakaziba pua na kuigiza kufua: wanasugua, wanasuuza, wanakung'uta. Uwanja mzima ulicheka. Habari ilifika hospitalini kabla yetu. Kwa wiki mbili wagonjwa waliokuwa hawajui hata jina la ugonjwa wao walijua kwamba madobi walifuliwa.

Aliyeumia zaidi alikuwa Kiberiti, dobi mdogo kuliko wote, mfupi, mwembamba, na hasira zake huwaka kwa msuguo mmoja. Mwaka huu tulipofika tena fainali, na ikawa tena ni wale wa unga, alikuja kazini na vibanio vya nguo vya mbao, akagawa kimoja kimoja. Mpango wake ulikuwa rahisi. Tukishinda, kabla hawajainuka, kila mmoja wetu atoe kibanio mfukoni, ambane mtu wa unga kwenye nguo, sikioni ikibidi, tuwaambie wameanikwa.

Madobi walicheka mpaka wakajishika mbavu. Mama alikipokea chake, akakigeuzageuza, akakitia kwenye mfuko wa gauni.

"Kushangilia ni haki yako, umeitolea jasho," alimwambia Kiberiti. "Lakini usimshangilie mtu aliye chini. Mngoje ainuke, ndipo na yeye akuone vizuri."

Kiberiti alisema kwamba mwaka jana hakuna aliyemngoja yeye ainuke. Mama akajibu kwamba anakumbuka, alikuwa chini karibu naye, kisha akaendelea kukunja foronya. Mimi nilidhani mama hapendi shangwe kabisa. Tangu nizaliwe sijawahi kumwona akirukaruka kwa jambo lolote. Hata tuliposhinda nusu fainali alipeana mikono na kila mtu, akanywa maji, akauliza basi litaondoka saa ngapi. Kiberiti alipomlalamikia, alisema nusu fainali ni kukamua tu, kuanika bado.

Jumatano kabla ya fainali nilitumwa kupeleka fomu kule chini. Ilikuwa mchana, saa ya kula, madobi wamepanda juu. Nilipita kwenye chumba cha kukaushia, mahali penye joto na kelele ya kikaushio, ambapo mimi pia hujificha kufanyia mazoezi sauti yangu, nikamkuta mama anacheza.

Alikuwa peke yake. Alikuwa ameshika shuka moja kavu, anaitandaza hewani, anaigonga, anaikunja, anazunguka nayo, magoti yanapanda na kushuka, kiuno kinafuata kwa kuchelewa kidogo. Hakuwa hodari. Lakini alikuwa amefanya mazoezi, hilo lilionekana, kwa sababu alipokosea alisimama, akatikisa kichwa, akarudia pale pale alipoharibu.

Aliponiona hakushtuka. Aliniuliza kama siku hizi chuoni hawafundishi kubisha hodi. Kisha akazima kikaushio, na ule ukimya ukatufanya wote wawili tuone haya.

"Mwezi ujao nastaafu, mwanangu," alisema. "Miaka ishirini na saba watu wamelala kwenye shuka zangu, hakuna anayejua nina sura gani. Nataka nicheze mara moja. Mchana, uwanjani, watu wakiniona. Tukishinda tu, maana siwezi kucheza bila sababu kama kichaa." Akafikiri kidogo. "Usimwambie mtu."

Sikumwambia mtu. Lakini tangu saa ile kamba ile haikuwa tena kamba kwangu. Nilikuwa nikiitazama naona ile ngoma ya mama imening'inia katikati yake, pale panapofungwa kitambaa chekundu.

Fainali ilikuwa Jumamosi alasiri, kwenye uwanja wa shule. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotaka. Kitambaa chekundu kilifungwa katikati ya kamba, mistari miwili ya chokaa ikachorwa ardhini, kila upande mmoja; timu itakayokivuta kitambaa kikavuka mstari wake inachukua raundi, na mshindi ni wa raundi mbili kati ya tatu. Mwamuzi alikuwa karani mrefu wa posta, mwenye saa mbili, moja kila mkono, na kipenga shingoni.

Raundi ya kwanza ilikuwa yetu. Sauti yangu ilitoka, nyembamba, lakini madobi hawahitaji kelele, wamezoea kulisikia neno hata kwenye ngurumo ya mashine. Kipenga kilipolia, Kiberiti aliiachia kamba na mkono wake ukaenda mfukoni. Nyuma kabisa mama hakuachia. Watu wa unga walikuwa bado wameegemea kamba kwa mgongo, na kama sote tungeiachia wangeanguka chali mmoja juu ya mwingine.

"Kiberiti," mama aliita, bila kupaza. "Kamba."

Kiberiti alirudi kushika, akinung'unika kitu ambacho sitakiandika. Tuliwashikilia mpaka wa mwisho akasimama kwa miguu yake. Mizani alitutazama kwa mashaka, kama mtu aliyepewa chenji iliyozidi.

Raundi ya pili tulianza vizuri kuliko ya kwanza. Kitambaa kilikuwa kimebakiza shubiri mbili kufika mstari wetu wakati soli ya kiatu cha Mizani ilipobanduka. Nilimwona akiteleza. Kamba ilikuwa imemzunguka kifuani, ikambana, naye akatoa sauti fupi, kama ya mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo.

Mama akatembea mbele.

Hatua tatu, upesi, kama kule chini kwenye sabuni. Kamba ikalegea. Wenzetu wa mbele wakapepesuka, wakakanyagana, na wale wa unga, ambao hawakujua kilichowapata zaidi ya kwamba uzito umeondoka, wakavuta kwa nguvu zao zote. Kitambaa kikavuka upande wao. Kipenga. Sasa tulikuwa sare, kila upande raundi moja. Mimi nilikuwa nimesimama kando na mdomo wazi, hamna neno ndani yake.

Wakati wa mapumziko hakuna aliyekaa karibu na mama. Kiberiti alitembea huku na huku, kisha akaja akasimama mbele yake.

"Mama, umemwachia."

Mama alikuwa anaitazama mikono yake. Alisema si yeye, ni hii. Aliionyesha, yote miwili, myeupe kwenye vidole kwa sabuni ya miaka.

"Basi amekujua," Kiberiti alisema. "Raundi ijayo atapiga ukelele tena, na wewe utaenda kumkumbatia. Afadhali tungemtia kibanio mdomoni."

Mwingine alicheka, akaacha. Kiberiti alikuwa na machozi, nami nilimwelewa, maana alikuwa bado anasikia vicheko vya mwaka jana. Kule upande wa pili Mizani alikuwa amekaa chini, amevua kiatu kilichoharibika, na baada ya kufikiri akavua na cha pili. Alikuwa anajipapasa mbavu.

Mama alinivuta kando. Nilidhani atanifariji, kumbe alikuwa na shida.

"Akiteleza tena nitatembea tena," alisema. "Siwezi kuizuia mikono hii, haitanisikia mimi. Lakini neno itasikia. Imelisikia neno maisha yake yote. Safari hii usininyime neno, mwanangu."

Nilitaka kumwambia kwamba sauti yangu inakwama. Nilitaka kumwambia amtafute mtu mwingine. Mwamuzi alitazama saa zake zote mbili, akatuita.

Raundi ya tatu ilikuwa ndefu. Kitambaa kilitujia nusu ya njia, kikarudi, kikasimama. Nilipaza "Kamua" mpaka neno lenyewe likapoteza maana kichwani mwangu na kubaki mlio tu. Watu walikuwa wamesogea mpaka kwenye chokaa. Kisha ule upande wa pili ukaanza kutujia, kidogo kidogo, na shubiri moja kabla ya mwisho Mizani, peku, akateleza tena.

Alianguka kwa goti moja. Safari hii hakupiga ukelele. Kamba ilimvuta mbele akaweka mkono mmoja chini, na nilimwona uso: macho ameyafumba, meno ameyauma, kama mtu anayengoja sindano. Hakuwa anaigiza. Nikageuka na kuutazama mguu wa mama, na kisigino chake kilikuwa tayari kinainuka.

Nadhani ilikuwa sekunde moja. Ningenyamaza, mama angetembea na ngoma yake ingekufa pale. Ningesema kamua, tungeshinda papo hapo, na yule mwanamke angeburutwa kwa goti, kamba imemzunguka kifua, na mama angekuwa ameshika upande wa pili. Niliwaza meno mawili kwenye saruji.

"Shika!"

Sijawahi kuisikia sauti ile. Ilitoka mahali fulani chini ya kitovu, ikanipita, na watu waliokuwa karibu nami wakarudi nyuma. Na madobi wanane wakasimama. Hawakuvuta, hawakulegeza. Walisimama kama misumari, mama amekita kisigino chini, na Kiberiti pia, ingawa baadaye aliniambia, kwa jina ambalo madobi wamenibandika, "We Faili, mikono yangu ingenipa nafasi ya kufikiri, ningekutukana."

Mizani alifumbua macho. Akaona kamba haimburuti. Akaweka unyayo mmoja, akajaribu, akaweka wa pili. Wenzake hawakungoja; walikuwa wanavuta, na haki yao, kwa sababu kipenga hakijalia. Visigino vya madobi vikaanza kuburutika, kitambaa kikaondoka kwetu shubiri tatu, nne, kikapita katikati, kikaanza kuelekea mstari wao. Nyuma yangu kulikuwa na mtu anasema huyu binti karogwa. Mimi nilikuwa natazama nyayo tu. Mizani aliinua mgongo, akaiweka kamba sawa begani, akakita miguu yote miwili.

"Kamua," nikasema.

Siwezi kueleza ilichukua muda gani. Mwamuzi anasema dakika mbili na nusu kwa saa ya kushoto. Najua kwamba niliita na waliitika, niliita na waliitika, na kitambaa kikarudi njia yote ile, shubiri kwa shubiri, mpaka kikavuka chokaa yetu na kipenga kikalia. Najua pia kwamba hakuna aliyeachia kamba. Wote wanane walikuwa wananitazama mimi, wanahema, wananingoja.

"Achia," nikawaambia. Polepole, kama inavyotakiwa.

Wakaanza kutembea mbele, kamba mkononi, kama kule chini mapindo yanapokwenda kukutana. Watu wa unga hawakuijua desturi hiyo, lakini kamba ikilegea huku mtu anakujia, miguu inaenda yenyewe, nao wakatembea. Mama alitoka nyuma kabisa na ncha yake, Mizani akatoka nyuma na yake, wakapita katikati ya wenzao mpaka wakasimama uso kwa uso. Mama aliichukua ncha ya Mizani, akaiunganisha na yake, akamkabidhi zote mbili.

Mizani alianza kusema jambo kuhusu mwaka jana. Mama alimkatiza kwa kuuliza kama mbavu ni nzima. Mizani akasema zinauma lakini zipo.

"Umesimama vizuri?"

"Nimesimama."

"Unaniona?"

"Nakuona, mama."

"Basi tazama," mama alisema, akavua viatu.

Akacheza. Alianza na shuka ambayo haikuwepo: aliitandaza hewani, akaigonga, akaishusha juu ya kitanda ambacho hakikuwepo, akachomeka pembe ya kwanza kwa kiuno, ya pili kwa bega. Magoti yalipanda na kushuka. Alizunguka, akakosea palepale alipokosea Jumatano, na safari hii hakurudia, alipita juu ya kosa kana kwamba lilikuwa sehemu ya ngoma. Kiberiti alikuwa wa kwanza kuelewa. Alitoa kibanio mfukoni, akakigonga kwa ukucha, ta-ta, ta-ta-ta, na wenzake wakatoa vyao, vibanio vya mbao vikalia uwanja mzima. Mizani alipiga makofi kufuata, ncha za kamba zimening'inia shingoni mwake. Hakulazimishwa na mtu. Watu waliokuja kucheka walisahau kucheka, wakaanza kuulizana yule mama ni nani. Nilimsikia mmoja akijibu kwamba ndiye anayefua shuka za hospitali, na mwingine akasema kwamba aliwahi kuzilalia.

Huyo ni mama yangu, nilitaka kumwambia kila mtu. Nadhani nilimwambia mwamuzi, maana ndiye aliyekuwa karibu.

Yeye alikuwa na haraka. Mgeni wa heshima alikuwa amesimama na kombe, jua linamchoma. Mwamuzi alitazama saa ya kulia, akatazama ya kushoto, akaniinamia na kuniomba, kwa kuwa mimi ndiye mtoa sauti na inaonekana wananisikia, niseme neno ili yule mama aache kwanza.

Mama alikuwa kwenye pembe ya tatu ya kitanda. Neno lenyewe nilikuwa nalijua, na sauti safari hii nilikuwa nayo. Nikafunga mdomo.